Tusasishe au tuache? Maoni kuhusu programu dhibiti ya mashine ya mchezo ya mkononi

Ugomvi mkubwa wa kwanza kati yangu na mdogo wangu haukutokana na chakula wala nguo. Ulitokana na ujumbe mfupi kwenye kioo cha PSP. Alikuwa ameazima diski ya mpira kwa rafiki yake wa Kamalondo. Alipoiingiza, mashine ilimjibu kwamba mchezo huo unahitaji programu ya mfumo ya toleo jipya zaidi, na kwamba sasisho lenyewe limo ndani ya diski. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe kimoja. Kidole chake kilikuwa tayari pale. Nikamnyang'anya mashine.

“Yaya, ni nini sasa? Mashine yenyewe njo inaomba!”

Nilimjibu kama wakubwa wengi wanavyojibu: “Nimesema hapana.” Alilala na hasira, nami nikabaki na swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza sawasawa. Mashine ikiomba kusasishwa, nani anastahili kuamua, na aamue kwa kipimo gani? Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa usiku ule.

Kwanza nieleze hali yetu. Ile PSP tuliinunua mtumba katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Ni ya aina ya 2000, ile nyembamba iliyotoka mwaka 2007. Mwenyewe wa zamani alikuwa ameiwekea mfumo uliobadilishwa na watu wa nje ya kampuni, toleo la 5.00 M33. Mdogo wangu aliitumia kwa michezo. Mimi niliitumia kwa masomo. Mfumo ule ulikubali programu ndogo inayoitwa Bookr, inayofungua mafaili ya PDF, na ndani ya kadi ya kumbukumbu nilikuwa na silabusi za masomo manne. Umeme ukikatika, simu yangu ikizimika, nilibaki na PSP. Wenye simu mpya na kompyuta watacheka. Wenye kusoma kwa mshumaa hawatacheka. Na usiku ule zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mitihani.

Basi kitufe kile kimoja kilikuwa na maana mbili. Kwa mdogo wangu kilikuwa mchezo mpya. Kwangu kilikuwa kupoteza silabusi nne, maana sasisho la kampuni hufuta mfumo uliobadilishwa na kuweka ule wa kiwandani, ambao haumjui Bookr.

Programu dhibiti ni nini? Sisi wa kitivo cha lugha tunaweza kuifananisha na sarufi. Mchezo ni sentensi. Programu dhibiti ni kanuni zinazoamua sentensi gani itakubalika na ipi itakataliwa. Imekaa ndani ya mashine yenyewe, siyo kwenye diski wala kwenye kadi, na ndiyo ya kwanza kuamka ukiwasha. Ukibadilisha mchezo umebadilisha kitu kimoja. Ukibadilisha programu dhibiti umebadilisha masharti ya vitu vyote.

Sitaki kuonekana mtu wa kukataa kila kipya, kwa hiyo nianze na faida. Ni za kweli. PSP ilipotoka Japani tarehe 12 Desemba 2004, haikuwa na kivinjari cha intaneti. Kivinjari kililetwa na toleo la 2.00, mwaka 2005, bila mwenye mashine kulipa chochote. Toleo la 5.00, mwaka 2008, lilileta duka la kampuni ndani ya mashine yenyewe. Mtu aliyenunua mashine mwaka 2005 na kuisasisha mara kwa mara alijikuta baada ya miaka mitatu na chombo chenye uwezo mkubwa kuliko kile alichotoa dukani. Ni vitu vichache tunavyonunua vinavyoongezeka thamani namna hiyo.

Faida ya pili ni michezo yenyewe. Diski za miaka ya mwisho ziliandikwa kwa matoleo ya mwisho. Asiyesasisha anabaki na maktaba inayozeeka, na mdogo wangu alikuwa na haki kabisa kulalamika.

Faida ya tatu ni usalama. Toleo la 2.00 lilikuwa na kasoro katika namna ya kusoma picha za aina ya TIFF. Picha moja iliyotengenezwa kwa ujanja iliweza kuifanya mashine itekeleze amri za mtu mwingine. Watu walitumia kasoro hiyo kurudisha mashine zao kwenye toleo la 1.50, ambalo lilikubali programu za watu binafsi. Lakini mwezi wa Oktoba mwaka huohuo wa 2005 ilisambazwa programu iliyojidai kuwa ni ya kurudisha toleo la zamani. Kumbe ilifuta mafaili ya mfumo, na mashine haikuwaka tena. Tundu lilelile walilopitia wenye nia njema, wabaya nao walilipitia. Kampuni inapoziba tundu haituonei tu. Wakati mwingine inatulinda pia.

Sasa hatari. Ya kwanza inajulikana kwa kila mtu anayeishi mahali ambapo umeme unakuja na kuondoka bila kuaga. Wakati wa kusasisha, mashine inafuta maandishi ya zamani na kuandika mapya. Ikizimika katikati, haina ya zamani wala mpya. PSP inajaribu kujilinda: inakataa kuanza kama chaja haikuchomekwa au betri haina chaji ya kutosha. Kwa mwenye betri nzuri ulinzi huo unatosha, maana umeme ukikatika betri inaendelea na kazi. Lakini betri zetu za mtumba nyingi zimechoka. Nyingine zimevimba hadi kifuniko hakifungi. Betri ya namna hiyo inaonyesha imejaa, halafu ukiitegemea kwa dakika tano inakata.

Hili silisemi kwa kusikia. Jirani yetu alisasisha PSP yake ya aina ya 3000 jioni moja, chaja ikiwa imechomekwa na alama ya betri ikionyesha imejaa. Umeme ulikatika. Betri haikushika hata dakika moja. Tangu siku ile taa ya kijani inawaka kidogo, kioo kinabaki cheusi, kisha taa inazimika. Aina za kwanza za PSP zina njia ya kuziamsha kwa betri iliyobadilishwa maalumu; aina ya 3000 haikubali njia hiyo. Mafundi watatu waliifungua na kuifunga. Sasa ipo juu ya kabati lake, na kila nikiingia kwake ananionyesha kwa kidevu bila kusema neno.

Hatari ya pili ni kupoteza kitu ulichokuwa nacho. Watu wengi hudhani sasisho linaongeza tu. Tarehe 1 Aprili 2010, sasisho la 3.21 la PlayStation 3, ambayo ni ya mezani lakini ya kampuni ileile, liliondoa uwezo wa kuweka mfumo mwingine kama Linux ndani ya mashine. Uwezo huo ulikuwa umeuzwa pamoja na mashine. Aliyekataa sasisho alizuiwa kucheza na wenzake kwenye mtandao wa kampuni. Aliyekubali alipoteza Linux yake. Kwa hiyo hata mtu asiyegusa kamwe mfumo uliobadilishwa ana sababu ya kusoma kabla ya kukubali.

Hatari ya tatu, nami naiona kubwa kuliko zote, ni kutoweza kurudi. Nintendo Switch, iliyotoka mwaka 2017, ina fyuzi ndogo ndogo ndani ya chipu yake. Baadhi ya masasisho huunguza fyuzi moja. Mashine inapowaka, mfumo unahesabu zilizoungua. Ukikuta nyingi kuliko toleo hilo linavyotarajia, unakataa kuendelea. Fyuzi iliyoungua haiponi. Hapo “nitajaribu, nisipopenda nitarudi” ni maneno matupu. Na hata pasipo na fyuzi, kampuni nyingi huzuia kwa programu tu mtu asiweke toleo la chini.

Wenye PS Vita waliliona hili vizuri. Mwezi wa Julai 2016 ulitokea ufunguo unaoitwa HENkaku, uliofanya kazi kwenye toleo la 3.60. Siku chache baadaye kampuni ikatoa 3.61 na kuziba tundu. Aliyekuwa amekaa kwenye 3.60 alichagua alivyotaka. Aliyesasisha bila kufikiri alibaki nje, mpaka ufunguo mwingine ulipopatikana mwaka 2018 kwa matoleo ya juu zaidi. Miaka miwili ya kusubiri, kwa sababu ya kitufe kimoja. Lakini ona pia upande wa pili: mwishowe hata waliosasisha walifunguliwa mlango. Aliyesubiri alipata mapema, na aliyesasisha hakupotea milele. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema “usisasishe kamwe”, kama ambavyo sikubaliani na wanaosema “sasisha daima”.

Nataka kusimama kidogo kwenye neno lenyewe, kwa kuwa tuko nyumbani kwa wanalugha. “Kusasisha” limetoka katika “sasa”: kukifanya kitu kiwe cha sasa. Wafaransa wanasema “mise à jour”, kukiweka kitu kwenye siku yake. Maneno yote mawili yameshatuamulia kabla hatujapima. Nani anataka kubaki jana? Laiti kioo cha PSP kingeandika “kubadilisha masharti ya mashine yako”, mdogo wangu angeondoa kidole na kuuliza: masharti gani? Nawaomba wanafunzi wenzangu wanaotafsiri programu kwa Kiswahili wasikimbilie “kusasisha” kila mahali. Pale ambapo kitu kinaondolewa, msomaji aambiwe kinaondolewa.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulikwepa. Mtu atasema: wanaoogopa masasisho ni wezi wa michezo, na habari za kusoma silabusi ni pazia tu. Sehemu ya kwanza ina ukweli mwingi. Mifumo iliyobadilishwa imetumika sana kucheza michezo iliyonakiliwa bila kulipwa, na waliotengeneza michezo hiyo ni wafanyakazi kama wengine. Ndani ya kadi yetu mwenyewe wa zamani alikuwa ameacha michezo ya namna hiyo, na sitajifanya kwamba mdogo wangu hakuigusa. Lakini sasisho halitofautishi. Linamfunga aliyenakili mchezo, na kwa kufuli lilelile linamfunga anayesoma maandishi yake mwenyewe kwenye mashine aliyoinunua kwa fedha yake. Kama kosa ni kunakili, hilo lisemwe na lihukumiwe. Kusoma silabusi kwenye PSP siyo kosa kwa sheria ya mtu yeyote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu, kwa sababu lilitoka kwa mdogo wangu mwenyewe asubuhi iliyofuata. “Yaya, wewe unaogopa kwa sababu ni vitu vyako. Vingekuwa vyangu ungebonyeza.” Sikuwa na la kujibu. Kwa kweli nilikuwa nimepima hasara yangu na kusahau yake. Mashine ilikuwa yetu wawili, tulichanga wote, yeye kwa fedha ya kuuza maji baridi barabarani. Nilimwambia hapana bila kumweleza, sawa na kampuni inayomwambia mtu “kubali” bila kumweleza. Tangu hapo nimeongeza swali katika kipimo changu: nani mwingine anatumia mashine hii?

Kipimo chenyewe, kwa maoni yangu, kina maswali manne, na mpangilio wake una maana.

Kwanza, nikibonyeza, naweza kurudi? Kama jibu ni ndiyo, wasiwasi mwingi unaisha, jaribu tu. Kama jibu ni hapana, endelea na maswali mengine kwa polepole.

Pili, napata kitu gani ninachokihitaji kweli? Ujumbe wa “kuboresha uthabiti wa mfumo” pekee hauniambii kitu. Mchezo ninaoushika mkononi na unaokataa kufunguka, hilo ni hitaji.

Tatu, napoteza kitu gani, na nani mwingine anakipoteza pamoja nami? Hapa ndipo pa kuweka silabusi, michezo iliyohifadhiwa, na mtoto aliyefika hatua ya mwisho ya mchezo baada ya miezi mitatu.

Nne, hali ya kubonyeza ni salama? Betri, chaja, umeme, na mahali faili la sasisho lilipotoka. Anayesasisha kwa faili alilopewa na mtu asiyemjua anakumbuka vibaya historia ya 2005.

Kwa PSP tuna bahati ambayo wenye mashine mpya hawana. Historia yake imekwisha kuandikwa. Toleo la mwisho ni 6.61, la Januari 2015.  Hakuna sasisho jipya tunalolingoja wala kuliogopa. Faida na hasara za kila toleo zinajulikana, na kwa matoleo ya mwisho pia kuna mifumo iliyobadilishwa. Mwenye Switch anabashiri. Mwenye PSP anasoma. Asiposoma, kosa ni lake.

Nasi tulisoma. Tulikubaliana hivi: hatusasishi mpaka mitihani iishe. Mdogo wangu aliona wiki tatu kama miaka mitatu, lakini alikubali kwa sababu safari hii nilimweleza sababu na kumpa siku. Nilimaliza mitihani na silabusi zangu mkononi. Kesho yake tulihamisha michezo yake iliyohifadhiwa pamoja na mafaili yangu kwenye kompyuta ya mwanafunzi mwenzangu. Tukaipima betri: tulicheza saa nzima bila chaja, tukiangalia kama chaji inashuka taratibu au inaanguka ghafla. Ilishuka taratibu. Tulinunua mega za kutosha, tukapakua toleo la 6.60 lililotolewa na kampuni, maana tulikuwa tumehakikisha kwamba njia ya kurudisha mfumo uliobadilishwa juu ya toleo hilo ipo. Tukangoja usiku, saa ambazo umeme wa avenyu yetu huwa unatulia.

Mdogo wangu ndiye aliyebonyeza. Nilimwachia. Tulikaa kimya tukiangalia ule mstari ukijaa kidogo kidogo, na naapa mstari ule unatembea polepole kuliko foleni ya kulipa ada ya masomo. Mashine ilizimika, ikawaka, na mpira ukafunguka.

Hatukutoka bila kulipa. Nilikaa siku kadhaa bila Bookr mpaka nilipokamilisha hatua za kurudisha mfumo uliobadilishwa. Na programu moja ndogo niliyoipenda, iliyoandikwa kwa mfumo wa zamani, haikufunguka tena hadi leo. Naihesabu kama gharama. Nilijua inaweza kutokea, na niliikubali kabla ya kubonyeza. Jirani yetu hakupewa nafasi hiyo ya kukubali, yeye alishtukizwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kusasisha si wajibu na kukataa si ushujaa. Anayeandika sasisho huko Tokyo au Kyoto anamfikiria mtu mwenye umeme wa siku nzima, betri mpya, intaneti isiyopimwa kwa mega, na mashine ya pili kama ya kwanza ikifa. Sisi siye mtu huyo. Anayoyaona yeye ni mambo madogo, kwetu yanaweza kuwa mashine nzima. Ndiyo maana uamuzi hatuwezi kumwachia, wala kuuachia ujumbe unaotokea kwenye kioo.

Mkisoma haya mkiwa na mashine yenye kungoja jibu, fanyeni jambo moja leo: bonyezeni “baadaye”, kisha hamisheni mafaili yenu mahali pengine. Hilo halina hatari yoyote. Mengine mtayaamua mkiwa mmetulia, na mkiwa mmewauliza wadogo zenu.